Kifafa na Kisu cha Tabibu

Jina la kifafa lina mzizi wa kufa, na jamaa wengi wamelichukua kwa maana hiyo, kana kwamba mgonjwa hufa kidogo kidogo mbele ya macho yao. Mwaka 1960, Louise Jilek-Aall, tabibu kutoka Norwei, alipofungua zahanati ya maradhi haya huko Mahenge, nchi ya Wapogoro, alikuta wagonjwa wakila peke yao, kwa kuwa mate yao yalidhaniwa huambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto, maana aangukaye mekoni hana wa kuthubutu kumshika. Dawa ya fenobabito, ijulikanayo tangu 1912, iliwarudisha wengi mashambani.

Lakini dawa haimfai kila mtu. Takribani mgonjwa mmoja katika watatu huendelea kuanguka ingawa ameza dawa sawasawa. Kwa hao kuna kisu. Mjini London, tarehe 25 Mei 1886, Victor Horsley alimpasua kijana Mskoti aliyeumia kichwa utotoni. Akaliondoa kovu ubongoni, na kuanguka kukakoma.

Si kila kisu kilileta heri. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, Henry Molaison aliondolewa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili. Kuanguka kulipungua, ila hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Aliyemwamkia asubuhi alikuwa mgeni adhuhuri. Tangu hapo matabibu waliogopa kukata pande zote mbili. Mwaka 2001, uchunguzi wa wagonjwa 80 nchini Kanada ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wameepukana na vipindi vya kupoteza fahamu, na asilimia 8 tu ya walioachiwa dawa. Katika Afrika Mashariki upasuaji huo umekwisha kufanywa Mbale, Uganda.

Mtu wa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, huyatazama hayo kwa mbali. Hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kabla jamaa hawajauza ng'ombe kwa ajili ya safari, yawapasa kuuliza mawili. Je, dawa zisizopungua mbili zimejaribiwa kwa ukamilifu? Je, vipimo vimeonyesha mahali maradhi yanapoanzia, na mahali hapo paweza kuondolewa pasipo kuchukua usemi wala kumbukumbu? Horsley alijua kovu lilipo. Molaison alikatwa bila mahali hapo kujulikana.