Nani atavaa mnyororo? Maneno juu ya kuonyesha Kasongo ya zamani

Kila mara watu wa shirika wanapokutana kupanga siku ya mila, shauri moja linarudi: tufanye sikukuu ya kuonyesha Kasongo ya zamani. Watu wavae kama wankambo, wapike kama wao, soko lipangwe kama zamani, na watoto wa masomo waje kuona kwa macho yale wanayoandika katika daftari. Wenye kujitolea hawakosekani. Huyu ana ngoma, yule ana shangazi anayejua kufuma mikeka, mwingine ataomba miti ya kujengea vibanda. Shida inaanza pale komite inapogawa mavazi. Kwa kanzu na kilemba, mikono kumi inainuka. Kwa mzigo wa pembe na mnyororo, kimya. Siku moja mama mmoja alijibu kwa niaba ya wote: "Mie sitauvaa. Nkambo wangu aliisha kuuvaa, inatosha."

Neno lile si dogo. Kabla ya kununua vitambaa, afazali tulifikiri kwa utulivu, maana wengine walitutangulia katika kazi ya namna hii.

1. Mchezo wa kuvaa siku zilizopita

Huko Marekani, mwezi wa tano 1963, mwalimu Phyllis Patterson na mume wake Ron waliwakusanya watu wa kujitolea katika Los Angeles. Walitaka kupata feza za kusaidia redio moja iitwayo KPFK. Walivaa kama Waingereza wa karne ya 16, wakati wa malkia Elizabeth wa kwanza, wakajenga soko la kale lenye mafundi, wauzaji, wapiga muziki na wachekeshaji. Sikukuu hiyo ikapendwa, ikaigwa katika miji mingi ya Marekani.

Lakini tuangalie vizuri. Mambo waliyoyaigiza yalikuwa na umri wa miaka 400, tena ya nchi nyingine. Nani angeumia moyoni? Kwetu haiko hivyo. Kasongo ya Tippu Tip iko mbali nasi kwa miaka 130 na zaidi kidogo tu. Mjukuu wa aliyebeba mzigo na mjukuu wa aliyeshika bunduki wanachota maji kwenye kisima kimoja.

2. Beni, somo kutoka pwani

Hatuna lazima ya kufika Marekani ili kujifunza. Ulimwengu wa Waswahili ulikuwa na mchezo wake wa mavazi: beni. Jina latoka katika neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana waliona askari na mabaharia wa Wazungu wakipita kwa mistari na ngoma kubwa, wakasema: hata sisi tunaweza. Wakashona mavazi ya kiaskari, wakagawana vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Mtu aliyekuwa mchukuzi mchana, jioni aliitwa bwana mkubwa.

Katika Tanganyika makundi mawili yalijulikana sana. Marini walikuwa wenye kujiona, watu wa nafasi. Arinoti walikuwa watu wa chini. Vita ya 1914-1918 ikaieneza beni kila pahali, kwa sababu askari na wapagazi waliichukua njiani pamoja na mizigo yao. Wazee wetu nao walikuwa katika njia zile. Jeshi la Leta ya Ubelgiji liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yake walitembea wapagazi wengi sana wa Kongo ya mashariki. Baadaye beni ilichezwa hata Katanga na katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Mambo matatu yanatufaa. Kwanza, beni haikuwa ya serikali wala ya misioni. Watu wenyewe waliitisha michango, wakapika, wakapokea wageni wa mji mwingine, wakazika wafu wao. Ilikuwa komite ya kweli, yenye kazi kwa kila mutu. Pili, mashindano yaliwaharibu. Kundi moja likichinja ng'ombe, lingine lilitaka kuchinja wengi zaidi, hata kwa deni. Tatu, wakubwa waliwashuku. Wachimbaji wa shaba walipogoma mwaka 1935, serikali ya Waingereza iliwauliza watu juu ya beni, ikifikiri labda ngoma hii njo ilipanga mgomo. Mchezo wa mavazi hausemi lolote kwa mdomo, lakini mwenye madaraka anausikia.

3. Kanzu ya Kasongo haikuwa mchezo

Hapa tunafika kwetu. Mwenye beni alivaa cheo jioni, asubuhi akakivua. Katika Maniema ya wakati wa Waarabu, nguo ilimgeuza mutu kabisa.

Pwani, mwungwana ni mtu huru, mwenye asili katika mji. Neno hili lilipanda na misafara kutoka Bagamoyo, likapita Tabora na Ujiji, likavuka ziwa, likafika Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Lilipofika huku maana yake ikapanuka. Kijana aliyetekwa katika kijiji chake aliweza kupewa kanzu, jina jipya, bunduki na lugha ya Kiswahili, akaitwa mwungwana, akatumwa kuteka vijiji vingine. Njo asili ya jina la kingwana, lugha tunayosema mpaka leo. Methali inasema mwacha mila ni mtumwa. Kwetu ilikuwa kinyume: mtumwa aliacha mila yake ili asiitwe tena mtumwa.

Mwangalieni Ngongo Lutete. Alianza kama mtumwa, akawa mkubwa wa vita chini ya Tippu Tip, akatawala Ngandu. Mwaka 1892 akahamia upande wa Leta ya Léopold II. Mwezi wa 9 mwaka 1893 Leta hiyohiyo ikamwua kwa risasi. Katika sikukuu yetu, huyu tumvike nini? Mnyororo, kanzu, au kofia ya Leta? Kila vazi moja peke yake litasema uongo.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliingia Kasongo. Daktari Mwingereza Hinde, aliyekuwa pamoja nao, alieleza katika kitabu chake cha 1897 mambo waliyoyakuta: vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, mishumaa, vikombe vya feza, mashamba ya mpunga na miwa, miti ya matunda. Tukisoma hayo tunajisikia wakubwa, na si vibaya. Mpunga wa Kasongo ni ukumbusho wa kweli. Lakini godoro la hariri halikuja lenyewe. Kila kitu kilichotoka pwani kilibebwa kwa kichwa, na mara nyingi aliyekibeba hakuulizwa kama anataka.

4. Soko la Nyangwe

Kwa hiyo shauri langu ni hili: tusianze na baraza la wali, tuanze na soko. Kabla ya kanzu kuko soko, na soko lilikuwa la mama zetu.

Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa tatu 1871, baada ya kulala mgonjwa Kabambare kwa miezi mingi. Alipenda kwenda sokoni kutazama. Aliona wanawake, mamia kwa mamia, wakija kwa mitumbwi na kwa miguu na vikapu vyao: samaki, vyungu, chumvi, mafuta ya mawese, kuku, muhogo. Walibishana bei, walicheka, wakarudi kwao salama. Hiyo ndiyo sikukuu tuliyokuwa nayo wenyewe.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa Dugumbi waliingia na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya kuku mmoja, kisha wakapiga risasi katikati ya watu. Wengi walikimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa, wakazama Lualaba. Wafanya biashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika hayo kwa wino wa matunda juu ya gazeti la zamani, kwa kuwa karatasi ilimwishia. Maandiko yalififia, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoyasoma tena kwa mwanga wa pekee.

5. Kazi ya komite

Tukipanga soko, kila mutu ana nafasi: Mgenya na samaki wake, Mubangubangu, Mzimba na Mkusu, kila mmoja na alichokuwa anauza. Anayetaka kanzu aivae, lakini kwa sharti: aliyevaa kanzu asubuhi, jioni abebe mzigo, na kura ipigwe ili mtoto wa mkubwa asikwepe. Mnyororo asivikwe mutu yeyote. Ulazwe chini penye mlango wa soko, kila anayeingia auruke. Saa ya kati ngoma zinyamaze kidogo kwa ajili ya watu wa Nyangwe.

Michango iandikwe mbele ya wote, wala tusishindane na mji mwingine mpaka kuingia katika deni. Na vijana wasiende Tongoni, mahali pa Kasongo ya kwanza, kuokota shanga na vigae vya kupamba vibanda. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefanya kazi pale, na maandiko yao yalitoka mwaka 2020. Kigae kikiondolewa mahali pake hakisemi kitu tena. Afazali wazee waende na watoto pale pale, waeleze wakiwa wamesimama juu ya udongo wenyewe.

Mama yule alikuwa na haki ya kukataa. Tumwombe jambo lingine: akae mlangoni, karibu na mnyororo, awaambie watoto nkambo wake alikuwa nani, alitoka kijiji gani, na aliishi namna gani baada ya hapo. Akikubali, sikukuu yetu imepata mwalimu.