Korona na uzazi wa mwanaume: mambo ambayo familia inapaswa kujua

Virusi vya korona hushambulia zaidi njia ya hewa, lakini madhara yake yanaweza kufika sehemu nyingine za mwili, zikiwemo korodani. Kwa wanaume wengi madhara hayo ni ya muda. Ni vyema kuyafahamu, kwa sababu mimba inapochelewa, mara nyingi mama ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Nini hutokea mwilini?

Mbegu za kiume hutengenezwa kwenye korodani, ambazo huhitaji joto la chini kidogo kuliko la mwili. Homa kali huvuruga kazi hiyo. Mbegu huchukua takribani miezi miwili na nusu kutengenezwa na kukomaa. Hivyo, mwanaume aliyeugua mwezi Juni anaweza kuwa na mbegu chache au dhaifu hadi Septemba, hata kama anajisikia mzima kabisa.

Utafiti uliofanyika Ubelgiji kwa wanaume 120 waliopona korona haukukuta virusi kwenye shahawa. Lakini kati ya waliopimwa ndani ya mwezi mmoja baada ya kuambukizwa, 6 kati ya 10 walikuwa na mbegu zisizokwenda vizuri. Kwa waliopimwa baada ya miezi miwili, walikuwa takribani 3 kati ya 10.

Je, nguvu za kiume hupungua?

Inaweza kutokea. Uume husimama kwa msaada wa mishipa ya damu, na korona inaweza kudhuru mishipa hiyo. Uchovu na wasiwasi baada ya ugonjwa navyo huchangia. Tatizo likiendelea, aende kituo cha afya, kwani linaweza pia kuwa dalili ya kisukari au shinikizo la damu.

Chanjo je?

Chanjo ya korona haiharibu uzazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston uliofuatilia wenzi zaidi ya 2,000 wa Marekani na Kanada haukuona kwamba chanjo, kwa mke au mume, inapunguza uwezekano wa kupata mimba. Uwezekano ulipungua kwa muda pale mume alipokuwa ameambukizwa ndani ya siku 60 zilizotangulia.

Ufanye nini?

- Mgonjwa akiwa na homa, mpe maji ya kutosha na parasetamoli kwa kipimo sahihi.
- Kama mume ameugua karibuni, kipimo cha mbegu kifanyike baada ya miezi mitatu. Kikifanyika mapema, majibu yanaweza kuwatia hofu bure.
- Asitumie sindano za testosteroni kuongeza nguvu. Huzuia mwili kutengeneza mbegu.
- Apunguze pombe na aache sigara.
- Mkitafuta mtoto kwa mwaka mzima bila mafanikio, nendeni hospitali wote wawili. Kama mke ana miaka 35 au zaidi, msisubiri zaidi ya miezi sita.

Usisubiri

Mtoto wa kiume au mtu mzima akipata maumivu makali ya ghafla ya korodani, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, awe ameugua korona au la. Korodani iliyojisokota inaweza kufa ndani ya saa chache. Mweleze kijana wako mapema kwamba maumivu ya sehemu hiyo si ya kuonea aibu, ili siku yakimpata akwambie.