Zulia Lilipopigiliwa Misumari

Kusini mwa Tehran, katika mji wa kale wa Rey, kuna chemchemi iitwayo Cheshmeh-Ali. Kwenye mwamba ulio juu yake imechongwa picha ya Fath-Ali Shah, aliyetawala Uajemi mwanzoni mwa karne ya 19. Chini ya mwamba huo, vizazi kwa vizazi, watu walileta mazulia yao, wakayalowesha na kuyasugua, kisha wakayatandaza maweni yakauke. Huko Mashhad Ardehal, karibu na Kashan, kuosha zulia ni ibada: kila mwaka umati hubeba zulia hadi kijitoni kumkumbuka Sultan Ali, mwana wa Imamu Muhammad al-Baqir. UNESCO iliitambua ibada hiyo mwaka 2012.

Zulia la mafundo ya sufu lilikunjika na kubebeka, nalo lilistahimili maji mengi. Likipata doa, lilipelekwa kwenye maji.

Uingereza na Marekani zilishika njia nyingine. Viwanda vya karne ya 19 viliposhusha bei, familia nyingi zilitandika zulia ukuta kwa ukuta na kulipigilia misumari midogo pembeni. Mara moja kwa mwaka, msimu wa baridi ulipokwisha, misumari iling'olewa na zulia likatolewa nje kukung'utwa kwa fimbo. Miezi iliyobaki, doa lilipaswa kutibiwa palepale lilipoangukia, na hapo ndipo ulipoanza ufundi wa kusafisha zulia lisilosogezwa. Watumishi walinyunyiza makapi ya chai yenye unyevu ili yanase vumbi kabla ya kufagia. Doa la mafuta lilifunikwa kwa udongo laini unaofyonza. Rangi iliyofifia ilisuguliwa kwa nyongo ya ng'ombe iliyochanganywa na maji. Nyongo hiyo inastahili heshima: chumvi zake huvunja mafuta vipande vidogo vidogo vinavyoweza kuondoka na maji, kazi ileile inayofanyika ndani ya utumbo. Wanawake wa jikoni waliitumia vizuri bila kusubiri maelezo ya maabara.

Mashine zilifuata. Mwaka 1876 Melville Bissell, aliyekuwa na duka la vyombo vya udongo huko Grand Rapids, Michigan, alipata hataza ya fagio la magurudumu. Alipofariki mwaka 1889, mkewe Anna aliiongoza kampuni. Mwaka 1901 Hubert Cecil Booth wa London akaleta mashine ya kuvuta vumbi, kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi na kuegeshwa barabarani huku mipira yake ikipitishwa madirishani.

Lakini vumbi si doa. Kwa grisi na lami watu waligeukia benzini, ambayo ilishika moto upesi, kisha kaboni tetrakloridi, ambayo haikuwaka ila iliharibu ini la aliyeivuta. Iliuzwa madukani kwa miongo kadhaa kabla ya Marekani kuipiga marufuku katika bidhaa za nyumbani mwaka 1970.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Dalton, mji wa Georgia uliojifunza kushona matandiko ya vitanda yenye vishada vya nyuzi kutoka kwa binti aitwaye Catherine Evans, uligeuza ufundi huo kuwa mashine za kutengeneza mazulia. Zulia la nailoni sasa lilifunika sakafu nzima hata katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida, na halikutarajiwa kung'olewa kamwe. Swali likageuka: doa litazuiwaje lisiingie?

Jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana. Mwaka 1953, katika maabara za kampuni ya 3M huko Minnesota, Patsy Sherman alikuwa akitafuta mpira utakaostahimili mafuta ya ndege za jeti. Matone ya mchanganyiko wake yalimwagikia kiatu cha raba cha msaidizi wa maabara. Maji, sabuni na pombe havikuyatoa. Siku zilivyopita raba ikachafuka, isipokuwa pale yalipodondoka. Sherman na mwenzake Samuel Smith walilifuatilia jambo hilo, na mwaka 1956 dawa yao ya kuzuia madoa, Scotchgard, ikaingia sokoni. Majaribio yalipofanyika katika kiwanda cha nguo, Sherman alilazimika kungoja nje kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kuingia: dhuluma iliyo wazi kwa mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyokuwa ikipimwa.

Nguvu ya dawa hiyo ilitokana na kifungo cha kaboni na florini, kigumu mno kuvunjika. Ugumu huohuo uliifanya isioze mtoni, ardhini wala mwilini. Mwezi Mei 2000, baada ya PFOS, kemikali iliyohusiana na dawa hiyo, kuonekana katika damu ya watu mbali na viwanda, 3M ilitangaza kuacha kuitengeneza. Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali zisizooza, uliiweka kwenye orodha yake mwaka 2009. Huko Dalton, maji ya viwanda vya mazulia yalikuwa yamenyunyizwa kwa miaka mingi kwenye msitu ulio kando ya mto Conasauga, na jamaa za kemikali hiyo zimekutwa katika mto huo. Mwaka 2019 Home Depot, duka kubwa la vifaa vya ujenzi, lilitangaza kuacha kununua mazulia yaliyotiwa kemikali za jamii hiyo.