Laini Moja kwa Ofisi Nzima: Modemu ya Simu katika Historia ya Intaneti ya Afrika Mashariki

Kuunganisha mtandao wa ofisi na intaneti kwa modemu ya simu kulidumu kwa muda mfupi katika Afrika Mashariki, tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi mikonga ya baharini ilipotua pwani mwaka 2009, na kwa sababu ya ufupi huo kazi hiyo husimuliwa, ikiwa inasimuliwa kabisa, kama kipindi cha dhiki kilichokuwa kikingoja teknolojia bora zaidi. Simulizi hilo linapunja ukweli. Ofisi za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hazikukaa zikisubiri kasi iongezeke. Zilijenga, juu ya laini zilizowekwa kwa ajili ya mazungumzo, utaratibu wa kugawana njia nyembamba baina ya watu wengi, na utaratibu huo unastahili kuandikiwa historia kuliko hata chombo kilichopiga simu.

Chombo chenyewe kinaelezeka kwa urahisi. Modemu hugeuza tarakimu za kompyuta kuwa sauti zinazoweza kupita katika laini ya simu, na upande wa pili modemu nyingine huzirudisha sauti hizo kuwa tarakimu. Kwa kuwa laini ya kawaida ilikusudiwa kubeba sauti ya binadamu, yaani mawimbi ya takribani mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, kila kilichotumwa kililazimika kuenea ndani ya nafasi hiyo finyu. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu iliyopokea amri zake kutoka kwa kompyuta kupitia waya uleule wa data, na amri hizo, zilizoanza kwa herufi AT, zikawa lugha ya takriban modemu zote zilizofuata, hata fundi aliyejua kuandika ATDT na kufuatisha namba ya simu aliweza kuendesha chombo cha kampuni yoyote. Kasi iliyokuwa biti 300 kwa sekunde ilipanda, kwa viwango vya kimataifa, hadi 14,400 mwaka 1991, 28,800 mwaka 1994, 33,600 mwaka 1996 na 56,000 mwaka 1998. Kiwango hicho cha mwisho, kilichoitwa V.90, kilidai kwamba mtoa huduma awe ameunganishwa na kituo cha simu kwa njia ya kidijitali, na hata hapo kasi hiyo ilihusu data inayoteremka tu. Mahali ambapo vituo vya simu vilikuwa vya zamani, au nyaya zilikuwa zimechakaa ardhini, modemu iliyoandikwa 56,000 ilishuka hadi 33,600 au chini yake, na mvua za masika ziliweza kuikatisha kabisa.

Kabla ya intaneti kamili kufika, eneo hili lilikuwa tayari limejifunza kutumia modemu kwa namna nyingine. Mtandao wa FidoNet, ulioanzishwa Marekani na Tom Jennings mwaka 1984, ulifanya kazi kwa kuhifadhi na kupeleka: barua zilikusanywa katika kompyuta moja mpaka saa iliyopangwa, kisha kompyuta hiyo ikapigiana simu na nyingine, zikabadilishana mafurushi yao kwa dakika chache na kukata. Jijini Nairobi, kituo cha kimataifa cha uhusiano wa mazingira kilichojulikana kwa kifupi kama ELCI kiliendesha kituo cha aina hiyo kwa ajili ya mashirika yasiyo ya kiserikali, na kompyuta ya GreenNet iliyokuwa London ndiyo iliyopiga simu kuja Afrika, kwa sababu kupiga kutoka Uingereza kulikuwa rahisi zaidi kuliko kupiga kutoka huku. Katika Chuo Kikuu cha Makerere kituo cha MUKLA kilihudumia wasomi wa Uganda kwa mtindo huohuo, na taasisi ya SatelLife iliyoanzishwa na daktari Bernard Lown ilitumia setilaiti ndogo zinazopita angani mara chache kwa siku ili kuwafikishia madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, barua na makala za tiba kupitia HealthNet. Katika mitandao hii hakuna aliyefungua tovuti, lakini wote waliohusika walizoea kanuni ambayo ofisi za baadaye zilirithi moja kwa moja, kwamba simu hupigwa pale tu panapokuwa na mzigo wa kutosha wa kupeleka.

Huduma kamili ya intaneti ilianza kuuzwa nchini Kenya mwaka 1995 kupitia kituo cha African Regional Centre for Computing, na baada yake zikaja kampuni za biashara, ikiwemo Africa Online iliyoasisiwa na Wakenya watatu, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, waliokuwa wakiishi Marekani. Jijini Dar es Salaam CyberTwiga ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Mteja alilipa mara mbili: alimlipa mtoa huduma kwa usajili, kisha akalipa shirika la simu kwa kila kipande cha muda ambacho laini ilikuwa wazi, na ofisi iliyokuwa mbali na mji wenye mtoa huduma ililipa bei ya simu ya masafa marefu. Ankara hiyo ya pili ndiyo iliyoamua sura ya mitandao ya ofisi kuliko kitu kingine chochote.

Ofisi nyingi za wakati huo zilikuwa na mtandao wa ndani kabla ya kuwa na intaneti. Kompyuta ziliungwa kwa kebo nyembamba ya shaba iliyopita kutoka meza hadi meza, yenye kizibo maalumu kila mwisho, au kwa nyaya zilizokutana katika kisanduku cha kati kilichoitwa habu, na zilibadilishana faili na kutumia printa moja kwa kasi ya biti milioni 10 kwa sekunde. Modemu bora ya 1996 ilikuwa na kasi ndogo kuliko hiyo kwa takribani mara 300. Kumpa kila mfanyakazi modemu na laini yake kulikuwa nje ya uwezo wa ofisi nyingi, hasa pale ambapo maombi ya laini mpya yaliweza kukaa miaka bila kujibiwa, na kwa hiyo modemu moja ilifungwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ikafanywa bawabu wa ofisi nzima.

Hatua ya kwanza ya bawabu huyo ilihusu barua pepe peke yake. Programu za Pegasus na Mercury, zilizoandikwa na David Harris wa New Zealand na kutolewa bila malipo, ziliwezesha kila mfanyakazi kuandika na kusoma barua mezani kwake bila kugusa laini ya simu, huku seva ikizikusanya zote na kupiga simu kwa saa zilizopangwa, kwa mfano asubuhi, adhuhuri na jioni. Mpangilio huu ulikuwa mzuri kuliko inavyokumbukwa leo: barua ya mtu wa ghorofa ya pili kwenda kwa mtu wa ghorofa ya kwanza haikutoka nje ya jengo, na laini ikikatika, kazi iliendelea na mzigo ukangoja.

Ugumu ulianza watu walipotaka tovuti, ambazo haziwezi kungoja saa ya furushi. Mtoa huduma alimpa mteja wa simu anwani moja tu, yaani namba inayotambulisha kompyuta katika intaneti, tena kwa kuazima hadi simu ikatwe. Ofisi yenye kompyuta ishirini ililazimika kujificha nyuma ya anwani hiyo. Njia ya kufanya hivyo ilielezwa katika waraka wa kiufundi wa Mei 1994: kompyuta ya mlangoni huandika upya kila kifurushi cha data kinachotoka ili kionekane kimetoka kwake, hukumbuka nani wa ndani aliyekituma, na jibu likirudi humkabidhi mwenyewe. Mwaka 1996 namba maalumu, zikiwemo zinazoanza na 10 na 192.168, zilitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani, na mafundi wakapata uhuru wa kuzigawa ofisini bila kumwomba mtu. Waliopenda mfumo wa Linux walitumia kompyuta kuukuu isiyofaa tena kwa kazi nyingine. Wengine walinunua programu ya WinGate. Na tangu 1999 toleo la pili la Windows 98 lilikuja na uwezo huo ndani yake. Juu ya hayo mafundi waliongeza ghala la kurasa, lililohifadhi zilizokwisha kufunguliwa ili mwingine akizitaka azipate bila kupitia simu.

Palikuwa na hatari moja ambayo ilifundisha mengi. Seva iliyowekwa ipige simu yenyewe kila inapohitajika haikujua kutofautisha haja ya mtu na haja ya mashine, na kompyuta za Windows zilikuwa na tabia ya kuuliza majina ya mashine nyingine hata ofisi ikiwa tupu, kila swali likiamsha modemu usiku kucha mpaka ankara ya mwezi ifichue. Kulizuia hilo kulimtaka fundi asome kila kifurushi, ajue kilitoka wapi na kwa sababu gani, kisha aandike kanuni za kipi kiruhusiwe kupiga simu na saa zipi. Elimu hiyo haikuwa katika mtaala wa vyuo vingi vya eneo hili wakati huo, na ni haki kusema kwamba ankara ya simu iliwasomesha wahandisi wengi wa mitandao wa Afrika Mashariki.

Nje ya ofisi njia haikuwa fupi. Barua iliyotumwa kati ya wateja wa watoa huduma wawili wa Nairobi ilisafiri kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi, kwa kuwa kampuni hizo hazikuwa na mahali pa kukutania nchini. Zilipofungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000, kampuni ya Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya pekee imeingiliwa, msimamizi wa mawasiliano akakifunga ndani ya wiki chache, na kilifunguliwa tena kwa leseni Februari 2002. Ucheleweshaji huo haukuwa na sababu ya kiufundi hata moja, na ofisi ndogo zenye modemu ndizo zilizoulipia.

Mkonga wa SEACOM ulianza kutoa huduma Julai 2009, ule wa TEAMS uliounganisha Mombasa na Fujairah ukaanza mwaka huohuo, na modemu za simu zikaondolewa mezani. Kuandika upya anwani kwenye mlango wa mtandao hakukuondoka pamoja nazo: ruta ya nyumbani, na simu ya mkononi inayowagawia wengine intaneti, hufanya hadi leo kazi ileile iliyofanywa na kompyuta ya bawabu, na mara nyingi kwa namba zilezile zinazoanza na 192.168.