KIJANI KILICHOUA: Soma hii kabla hujapaka rangi ofisi yako ya nyumbani

Siku hizi mastaa wakipost mjengo hawaishii sebuleni. Lazima wakuonyeshe na ofisi ya nyumbani: meza, laptop, taa ya duara, na ule ukuta wa nyuma. Majina kapuni, mnawajua wenyewe. Leo ukuta ni kijivu, kesho kijani cha giza, na kwenye komenti swali ni lilelile: "Hiyo rangi inaitwaje?" Jumamosi fundi anaitwa, ndoo inafunguliwa.

Swali lenyewe sio baya. Tatizo ni kwamba kuna kipindi watu waliishia hapohapo kwenye jina na muonekano, na wengine wakafa. Kuna maswali mawili yanatakiwa yatangulie: ndani ya hiyo rangi kuna nini, na mwanga wa chumba chako ukoje? Twende taratibu.

OFISI YA NYUMBANI SIO KITU KIPYA

Kufanyia kazi nyumbani hakujaanza na korona. Johann Wolfgang von Goethe, mwandishi mkubwa wa Ujerumani, aliishi Weimar kwenye nyumba moja karibu miaka 50, mpaka alipofariki mwaka 1832. Vitabu vyake vingi vilitoka humohumo ndani.

Na huyu mzee rangi alizichukulia siriasi. Mwaka 1810 alitoa kitabu kizima kuhusu rangi. Kwake ukumbi wa wageni ulikuwa njano. Chumba cha kuandikia, kule nyuma upande wa bustani, kilikuwa kijani. Hoja yake ilikuwa rahisi: njano inachangamsha. Bluu inafanya chumba kionekane kikubwa, ila kitupu na cha baridi. Kijani kinapumzisha macho, kwa hiyo kinafaa chumba unachoshinda humo kutwa.

Mpaka hapo mambo safi. Ila kijani cha miaka ile kilikuwa na siri yake.

KIJANI CHENYE SUMU

Mwaka 1775 mkemia mmoja huko Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alitengeneza kijani kikali kwa kutumia shaba na aseniki. Ndiyo, aseniki, sumu iliyokuwa inatumika kuulia panya. Lakini kijani chenyewe kilikuwa kinang'aa, bei yake nafuu, na watu wakakifakamia. Kikaingia kwenye rangi za ukutani, kwenye karatasi za kubandika ukutani, kwenye magauni, mpaka kwenye maua bandia. Karne ya 19 Uingereza nzima ilikuwa inataka kijani.

Mwaka 1862, mtaa wa Limehouse, London, watoto wanne wa familia moja walikufa mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa koo. Daktari alipochunguza, akanyooshea kidole karatasi ya kijani kwenye ukuta wa chumba chao. Fikiria ile vumbi inayopukutika taratibu, mtoto anaivuta, anaigusa, anaweka mkono mdomoni. Na kwenye nyumba zenye unyevu ilikuwa hatari zaidi: miaka ya 1890 mwanasayansi wa Italia, Bartolomeo Gosio, alionyesha kwamba ukungu ukiota juu ya rangi yenye aseniki unaweza kutoa gesi inayonuka kama kitunguu saumu.

Sasa sikia hii. William Morris, mbunifu aliyekuwa anatamba Uingereza kwa karatasi zake za ukutani, familia yake ilikuwa na hisa kwenye mgodi wa Devon Great Consols, uliokuja kuwa mzalishaji mkubwa wa aseniki. Yeye mwenyewe alikaa kwenye bodi yake miaka ya 1870. Tajiri wa mapambo ndiye huyohuyo mwenye mgawo kwenye sumu. Huo ubuyu hata leo ungetrendi.

Na unajua nini kilimaliza kile kijani? Sio sheria. Serikali ya Uingereza haikupiga marufuku karatasi za aseniki. Ni wateja walioanza kuuliza madukani na kugoma kununua, mpaka viwanda vikaanza kujitangaza kwamba bidhaa zao hazina aseniki. Mteja aliyeuliza ndiye aliyeshinda.

NA NYEUPE JE?

Kwenye pwani yetu, kuanzia Kilwa mpaka Mji Mkongwe wa Zanzibar, wazee walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa. Chokaa inarudisha mwanga na ukungu hauipendi. Ukiishika mbichi inaunguza ngozi, ila ikishakauka ukutani haimwekei mtoto sumu.

Lakini nyeupe iliyotamba Ulaya na Marekani ilikuwa ya madini ya risasi. Risasi inaharibu ubongo, na anayeumia zaidi ni mtoto. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia nyeupe ya risasi kwenye kupaka rangi ndani ya majengo, kwa sababu mafundi rangi walikuwa wanaugua. Marekani ilikaa mpaka 1978 ndiyo ikapiga marufuku rangi za risasi majumbani.

Hii sio stori ya zamani tu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kikomo kinachopendekezwa kwenye rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi za kuangalia kwa umakini zaidi ni zile za mafuta zenye njano kali, nyekundu au machungwa, maana risasi ilikuwa inatumika kuzifanya ziwake. Na kama unakwangua rangi kuukuu kwa msasa, watoto watoke kabisa. Lile vumbi ndilo baya.

RANGI INASAIDIA KAZI KWELI?

Inasaidia, ila sio kwa uchawi. Mwaka 1914 daktari wa upasuaji wa San Francisco, Harry Sherman, alichoshwa na kuta nyeupe za chumba cha upasuaji. Ukitazama damu halafu ukainua macho kwenye nyeupe yenye taa kali, macho yanaumia. Akapaka kijani cha mchicha, na mpaka leo hospitali nyingi zinapenda kijani. Kuanzia miaka ya 1930 Mmarekani Faber Birren akauza wazo kama hilo viwandani: kuta zipoe, macho yasichoke.

Ila ukisikia rangi fulani inabadilisha tabia, tulia kwanza. Mwaka 1979 jela moja ya jeshi la majini Seattle ilipaka chumba pinki, zikaja sifa kwamba inatuliza wagomvi. Jela nyingine zikaiga. Baadaye watafiti wa Uswisi walipima wafungwa kwenye seli za pinki na seli za rangi ya kawaida, hawakuona tofauti.

SASA WEWE UFANYEJE?

Kwanza, dukani uliza kama rangi ina risasi, na usome kopo lenyewe, usisome kadi ya rangi tu. Muuzaji akianza kukuzungusha, nenda duka la pili.

Pili, kama ukuta unavuja au una ukungu, tibu ukuta kwanza. Rangi mpya juu ya ukungu ni kujidanganya.

Tatu, paka kipande kidogo nyuma ya meza. Kiangalie asubuhi, saa saba mchana, na usiku ukiwa umewasha taa. Dirisha la mashariki na la magharibi hayatoi mwanga sawa, kwa hiyo kijivu cha staa kwako kinaweza kugeuka rangi ya jivu la mkaa. Kama chumba ni geto la dirisha moja, nyeupe ya maziwa au kijani kilichopoa itakutunza zaidi kuliko damu ya mzee ukuta mzima.

Ukimaliza hayo matatu, ndiyo uulize rangi inaitwaje. Chumba hicho utashinda humo miezi na miezi, na mdogo wako au mwanao anaweza kuwa anacheza chini ya hiyo meza.

Ukuta wa unapofanyia kazi una rangi gani? Na ulisoma kopo? Semeni ukweli hapo chini.