Mchoraji wa Kifo cha Lumumba

Somo la leo ni la historia, nalo latupeleka Kongo.

Usiku wa tarehe 17 Januari, 1961, karibu na mji wa Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi, Patrice Lumumba alipigwa risasi. Huyu ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Pamoja naye waliuawa Maurice Mpolo na Joseph Okito. Maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Baadaye maiti zilifukuliwa, zikayeyushwa kwa tindikali, ili pasiwe na kaburi.

Je, msiba usio na kaburi, watu waulilie wapi?

Mjini humo humo alikaa mchoraji, Tshibumba Kanda Matulu. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akawauzia watu wa kawaida, nao wakatundika picha zake nyumbani. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake, picha zaidi ya 100, akazieleza kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili hiki hiki chetu, ingawa cha Katanga.

Sasa itazameni picha ya kifo kwa macho ya moyo. Lumumba amelala chini. Nyuma imesimama misalaba mitatu, kama ile ya Golgotha. Damu yamtoka ubavuni, nayo yaandika juu ya ardhi neno la Kifaransa, maana yake “Umoja”. Mtu asiseme kwamba damu haiandiki. Mchoraji alilijua hilo.

Mwaka 2022 Ubelgiji iliwarudishia watoto wa Lumumba jino lake moja.