Kitufe Namba 58

Shangazi yangu alisomea uhazili Tabora, na hadi anastaafu alikuwa akichapa bila kutazama vidole. Likizo zangu za shule ziliishia chini ya meza yake, katika ofisi ya shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Tanga, nikisikiliza taipureta. Mikono yake ilikuwa laini, isipokuwa ncha ya kidole cha mwisho cha kushoto. Pale palikuwa na sugu ngumu kama punje ya mahindi. "Hiki ndicho punda wangu," alikuwa akinionyesha. "Kiswahili chote kinapanda mgongoni kwake."

Nilidhani ni maneno ya uchovu tu, mpaka nilipofungua steshenari yangu mwenyewe na kuanza kuchapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao na tasnifu za wanafunzi. Chukua methali anayoijua kila mtu: haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23, na kati ya hizo 11 ni a. Hakuna herufi inayofanya kazi kama hiyo katika lugha yetu, na kibodi imemkabidhi kazi hiyo yule aliye dhaifu kuliko vidole vyote vya mkono wa kushoto. Kama haitoshi, pembeni mwa A, upande wa kushoto kabisa, kimewekwa kitufe cha Caps Lock. Kidole kikichoka kinateleza kidogo tu, nawe unainua macho na kukuta umeandika "Mheshimiwa, nAOMBA KAZI".

Kitufe hicho kilifikaje hapo? Hilo ndilo lililonipeleka kusoma habari za taipureta, mambo ambayo mteja wa kudurufu cheti hataki kabisa kuyasikia.

Aliyeupanga msingi wa herufi tunaoutumia ni Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti wa Milwaukee, Marekani. Mashine yake ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, nayo ilikuwa na herufi kubwa peke yake. Miaka minne baadaye, 1878, ikaja Remington namba 2 yenye herufi kubwa na ndogo, na pamoja nayo kitufe cha Shift. Jina hilo lilikuwa na maana ya kweli: maana yake ni kuhamisha, na ukikibonyeza, sehemu nzima iliyobeba karatasi ilihama kutoka mahali pake. Ilikuwa nzito. Kuandika kichwa cha habari chote kwa herufi kubwa huku umeshikilia uzito huo kwa kidole cha mwisho ni adhabu, kwa hiyo likawekwa komeo la kuishikilia Shift ikae chini. Kwenye taipureta nyingi komeo hilo lilikaa juu ya Shift ya kushoto, ubavuni mwa A. Kwenye mashine ya shangazi nalikumbuka vizuri. Alilibonyeza kwa kishindo, kama mtu anayefunga mlango wa Land Rover.

Wako waliojaribu kuipindua amri ya Sholes. August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936 pamoja na William Dealey. Vokali zote tano alizileta kwenye safu ya katikati, chini ya mkono wa kushoto. Nilipousoma mpangilio huo moyo ulinidunda, kwa maana lugha gani ingefaidika na vokali zilizokaa pamoja kuliko Kiswahili, ambacho karibu kila neno lake linaishia na vokali? Kisha nikaangalia mchoro. A iko palepale, chini ya kidole cha mwisho cha kushoto. Nikaufunga ukurasa. Wenzetu wa Goma, Bukavu na Bujumbura wanaochapia kibodi za Kifaransa wana shida zaidi: kwao A imepanda safu ya juu, mahali petu pa Q, na punda lazima apande mlima kila herufi.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana ndipo mambo yanapopendeza.

Kabla ya kompyuta za mezani kulikuwa na mashine za simu za maandishi. Iliyoenea sana ni Teletype Model 33 ya mwaka 1963. Hiyo haikuwa na herufi ndogo hata moja, kwa hiyo haikuwa na haja ya komeo la herufi kubwa. Pembeni mwa A ilikuwa na kitufe kingine, Control, cha kutuma amri zisizochapika: ukibonyeza Control pamoja na G, kengele inalia kwenye mashine ya mwenzako upande wa pili. Waandishi wa programu wa miaka ya 1970, waliochapia kompyuta kwa mashine kama hizo, walizoea Control iwe hapo, kwenye safu ya katikati, karibu na kidole. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, yenye kibodi ya vitufe 83, iliifuata desturi hiyo. Control ilikaa ubavuni mwa A. Caps Lock ilitupwa chini kabisa, upande wa kulia wa kitufe cha nafasi.

Ushahidi wa hayo ungali ndani ya kompyuta yako hadi leo, na huuoni. Kitufe kinapobonyezwa hakitumi herufi, kinatuma namba. Maandishi yaliyo juu yake ni rangi tu. Namba hizo zilipangwa kwa kuhesabu vitufe vya kibodi ile ya 1981, safu baada ya safu, kama mtu anayehesabu nyumba za mtaa. Esc ni 1. Tarakimu zinafuata. Q ni 16. Unashuka safu ya pili ya herufi, unakutana na Control, 29, kisha A, 30, kisha S, 31. Unateremka mpaka chini: kitufe cha nafasi ni 57, na jirani yake wa kulia, Caps Lock, ni 58.

Mwaka 1986 IBM ilianza kuuza kompyuta zake na kibodi ya vitufe 101, na huo ndio mpangilio ulioenea duniani kote. Caps Lock ikapandishwa ubavuni mwa A, palepale lilipokuwa komeo kwenye taipureta ya IBM Selectric ya mwaka 1961, ambayo makarani wa ofisi walikuwa wameizoea. Control ikahamishiwa pembe za chini. Vitufe vilihama nyumba, lakini namba hazikubadilishwa. Control bado inajiita 29, jirani wa A, ingawa imekwishafukuzwa pale. Caps Lock bado ni 58, jirani wa kitufe cha nafasi. Ni kama mtaa uliobomolewa ambao wazee wake bado wanaelekezana njia kwa duka lililokufa zamani.

Waandishi wa programu hawakuusamehe uhamisho ule. Kampuni ya Sun iliendelea kutengeneza kibodi zenye Control mahali pa zamani. Huko Japani, mwaka 1996, kampuni ya PFU ilitoa kibodi ndogo iliyobuniwa na profesa Eiiti Wada, yenye Control pembeni mwa A na isiyo na Caps Lock kabisa. Wasio na fedha za kununua kibodi ya pekee walibadilisha namba kwenye programu. Kwenye mfumo wa Unix kulikuwa na amri ya xmodmap. Kwenye Windows, tangu toleo la 2000, kuna mahali ndani ya sajili ya mfumo unapoweza kuandika kwamba namba 58 ikifika isomwe kama 29; unazima kompyuta, unaiwasha, basi.

Mimi nilifundishwa jambo hilo na kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja likizo na kuniwekea Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili iliyotoka chuoni hapo mwaka 2004 chini ya mradi wa Kilinux. Aliona nikigombana na Caps Lock, akacheka. "Dada, hiki si lazima kiwe hivyo." Akakigeuza kuwa Control. Niliona nimepata ukombozi. Ukombozi huo ulidumu siku nne.

Siku ya tano nilikuwa ukurasa wa 12 wa tasnifu ya mwanafunzi. Punda akateleza, akabonyeza 58 na A kwa pamoja. Control na A kwa pamoja ni amri ya kuteua maandishi yote. Herufi iliyofuata, k, ikakalia kurasa zote 12, na kilichobaki kwenye skrini kilikuwa k moja nyeusi peke yake. Niliirudisha kazi kwa Control na Z, lakini jasho lililonitoka sitalisahau. Hapo nikaelewa kwamba vita ya watu wa Unix haikuwa yangu. Wao wanaandika programu kwa Kiingereza, lugha isiyoilemea A kama yetu. Anayechapa Kiswahili kutwa hahitaji kitufe chochote chenye nguvu pale ubavuni. Kwenye kompyuta za wafanyakazi wangu nimeiandikia namba 58 sifuri: ibonyeze utakavyo, haifanyi lolote. Anayetaka herufi kubwa atashikilia Shift.

Kama namba zimenifundisha kitu kingine, ni kuhusu kompyuta za mtumba. Zinazotoka Uingereza zina @ mahali ambapo za Kimarekani zina alama ya kunukuu, na kinyume chake. Nusu ya wateja wanaodai barua pepe yao imekataa wamekwama hapo. Zinazopitia Dubai zina herufi za Kiarabu pembeni mwa za Kilatini, lakini hizo hazina madhara. Hatari ni za Ujerumani. Kule Y na Z zimebadilishana nafasi. Nilinunua moja, sikubadilisha mpangilio, nikamchapia mzee mmoja barua ya kwenda baraza la kata kuhusu mgogoro wa nyumba. Maneno kama "nzumba" na "yaidi" niliyaona, nikayasahihisha. Lakini "yangu" iliyogeuka "zangu" haikushtua jicho, kwa kuwa ni Kiswahili safi. Mzee alisoma taratibu, akavua miwani.

"Binti yangu, mimi nina nyumba moja, tena haina choo. Hizi nyingine umenijengea lini?"

Sikumtoza. Jioni hiyohiyo nikabadilisha mpangilio, nikabandika vipande vya plasta juu ya vitufe viwili.

Kipanya nacho kina historia yake ya mikono. Cha kwanza kilitengenezwa kwa mbao mwaka 1964 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California. Mawazo yalikuwa ya Douglas Engelbart, na mjenzi alikuwa Bill English. Kilikuwa na kitufe kimoja. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco, na siku hiyo kilikuwa na vitufe vitatu. Watu husahau kwamba mkono wake wa kushoto haukukaa bure: ulikuwa juu ya kifaa kingine chenye vitufe vitano, kinachobonyezwa kama kinanda, vidole viwili au vitatu kwa pamoja. Kipanya kikasambaa dunia nzima, kinanda cha kushoto kikabaki maabara.

Nalisema hilo kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi ni mashoto. Nimekulia nyumba ambayo mkono wa kushoto haupokei chakula wala hautoi salamu, na nilijifunza kula na kuandika kwa kulia kama mtu anayejifunza lugha ya ukweni. Kipanya kilikuwa kitu cha kwanza maishani nilichoruhusiwa kukishika nitakavyo, kwa kuwa hakuna mkubwa nyumbani aliyekuwa na desturi juu yake. Windows ina kisanduku cha kubadilishanisha kitufe cha kushoto na cha kulia. Kwenye Linux vitufe vina namba: kushoto 1, kati 2, kulia 3, unaandika 3 2 1 na kazi imekwisha. Hata gurudumu la kusogeza ukurasa huko huhesabiwa kama vitufe, 4 kwa kwenda juu na 5 kwa kushuka. Nilipolijua hilo nilikaa jioni nzima nikiligeuza ili lisogeze kinyume, kisha nikalirudisha, kwa furaha tu ya kuona kwamba linanitii.

Shangazi aliwahi kuja kuniona dukani baada ya kustaafu. Aliketi mbele ya kompyuta, akaweka vidole bila kutazama, akachapa jina lake kamili. Kisha akabonyeza 58 mara mbili, tatu, akaona taa haiwaki wala herufi haikui.

"Hiki kimekufa?"

"Nimekiua mimi, shangazi."

Akakitazama kidole chake, akaendelea kuchapa.

Ukipita steshenari yetu, kompyuta zilizo karibu na mlango ni za kawaida isipokuwa kitufe hicho kimoja. Ile ya tatu, yenye kipanya upande wa kushoto, ni yangu. Ukibonyeza kushoto ikakuletea menyu usiyoiomba, usiite fundi, bonyeza kulia.